Nepi Haidanganyi

1

Kanuni iliruhusu dakika nne. Mhandisi Nimrodi Mtewele alikuwa ametumia tatu na nusu, na mguu wa kushoto wa binti yake ulikuwa bado umepita kwenye tundu la mguu wa kulia.

"Tulia," alimwambia. "Tulia kidogo tu, nimalize."

Gaude, mwenye siku thelathini na saba duniani, hakutulia. Alikunja magoti hadi tumboni, akayanyoosha kwa mpigo mmoja, kisha akaachia mkojo. Mkojo ulipita juu ya nepi safi, ukaingia kwenye mkono wa shati la baba yake na kuteremka hadi kwenye kiwiko. Nje, umande wa Julai ulikuwa umeganda kwenye majani ya miparachichi na Njombe nzima ilikuwa ikipumua mvuke. Ndani, hita ilisoma nyuzi ishirini na nne, kama kanuni ilivyotaka, na Nimrodi alikuwa akitiririka jasho.

Kabla mtoto hajazaliwa, aliigawa kazi hii katika hatua kumi na moja na kuipimia kila hatua muda wake kwa mwanasesere wa maabara. Wastani ulikuwa dakika mbili na sekunde sita. Mwanasesere hakuwa na maoni.

Alivuta sikio la nepi ili alibandike kiunoni. Gundi ikakamata kidole chake. Alipokinasua, sikio likachanika nusu.

"Baba Gaude!" Sauti ya Editha, mkewe, ilitoka chumba cha pili, alikokuwa akimalizia arobaini yake kitandani. "Unambadilisha mtoto au mnapigana mieleka?"

"Niko hatua ya kumi."

"Na mwenzako yuko ya ngapi?"

Alibandika kilichobaki cha lile sikio, akapitisha kiganja juu yake mara tatu, na ukanda mwembamba ulio kwenye tumbo la nepi ukawaka. Dakika nne, sekunde kumi na moja. Umechelewa. Ukanda ukawa wa njano.

Njano haikumtisha. Ilimchoma tu, kama inavyomchoma mtu aliyeandika kanuni hiyo mwenyewe. Kilichomtisha kilikuja saa moja na nusu baadaye. Gaude alikuwa amenyonya, amecheua, amejisaidia na kulala, yote kwa mpangilio usio na lawama, ndipo ukanda ulipogeuka mwekundu na maandishi yakapita juu ya tumbo dogo lililokuwa likipanda na kushuka:

SUKARI YA NAFAKA. ALAMA YA PILI.

2

Watu waliziita nepi shahidi. Sheria ilitaka kila mtoto azivae hadi atimize miezi sita, na baba azibadilishe mwenyewe siku arobaini za kwanza, ndipo apate hati ya kurudi kazini. Hapakuwa na aliyeweza kusema zilianzishwa bila sababu. Katika miaka ya sumukuvu, ukungu uliingia kwenye mahindi ya nchi nzima, na watoto waliopewa uji kabla ya wakati walikufa wakiwa na manjano machoni. Kuhimiza hakukusaidia. Mabango hayakusaidia. Nepi zilisaidia. Mtoto anayenyonya tu huacha sukari ya maziwa kwenye choo chake. Mtoto aliyepewa uji huacha sukari nyingine, ile inayotokana na wanga wa nafaka, na nepi huiona hata ikiwa chembe. Alama tatu zikipatikana, afisa wa Mamlaka ya Malezi hufika ndani ya saa moja na mtoto hupelekwa Nyumba ya Uangalizi kwa siku tisini. Vifo vilishuka kwa asilimia themanini na tatu. Takwimu hiyo Nimrodi aliikokotoa mwenyewe, akairudia mara mbili.

Ni yeye pia aliyesanifu kipimo cha sukari. Ndiyo maana alipokwenda chumba cha pili kuwauliza wanawake wawili wa nyumba yake, aliuliza kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

"Nani kampa mtoto uji?"

Editha aliinua uso. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa mama yake, Bibi Gaudensia, aliyefika kutoka Lupembe siku nane zilizopita. Mtoto alipewa jina lake, hivyo bibi alimwita somo.

"Hakuna aliyempa uji," alisema Editha.

"Alama ya kwanza ilikuja siku ya thelathini na moja. Mama alifika siku ya ishirini na tisa."

Enzi za ujana wa Bibi Gaudensia, mkwe na mama mkwe hawakukaa chumba kimoja, sembuse kugombana kuhusu choo cha mtoto. Aliirekebisha khanga yake mabegani polepole.

"Kwa hiyo mimi, baba, nimepanda basi kutoka Lupembe kuja kumuua somo yangu."

"Sikusema kuua, mama. Nimesema uji. Nepi haidanganyi."

"Basi mlaze na hiyo nepi, impigie hadithi."

"Mama," Editha alimkata. Kisha akamgeukia mumewe na kusema taratibu, kama anavyosema na darasa lililokosa swali lile lile mara mbili: "Mimi namnyonyesha mara kumi kwa siku. Ningejua. Kachunguze kwanza hicho kidude chako, ndipo uje kumchunguza mama yangu."

Alikichunguza. Alifungua kumbukumbu za nepi zote tangu siku ya kwanza, akapima betri, akalinganisha kipimo na kimiminika cha rejea alichokuwa nacho kwenye mkoba. Kila kitu kilikuwa sahihi hadi nukta ya tatu. Hilo lilimkera kuliko kosa lolote. Kosa hushikika. Usahihi hauna pa kuushikia.

3

Alasiri Gaude alijisaidia tena, na kazi ikaanza upya. Nimrodi alifungua, akainua miguu miwili kwa mkono mmoja, akafuta kutoka mbele kwenda nyuma. Ngozi ya makalio ilikuwa nyekundu, na mtoto alipiga ukelele kila kitambaa kilipogusa. Akafuta kwa nguvu zaidi ili amalize upesi. Ukelele ukapanda. Akaangalia saa.

Hatua ya saba ilikuwa kumfunika mtoto, kwenda kumwaga maji machafu na kukausha mikono, kwa kuwa mikono yenye maji huharibu gundi. Kwa sekunde hizo ishirini Bibi Gaudensia husimama mezani kumshika mtoto asianguke. Ndivyo walivyozoea. Siku hiyo Nimrodi alifika mlango wa uani akakumbuka kwamba amesahau taulo. Akarudi.

Mama mkwe alikuwa amemfunua mtoto. Mkono mmoja ulishika kopo dogo la bati, wa pili ulikuwa ukigusagusa makalio ya mtoto kwa kijitambaa cheupe. Gaude alikuwa kimya kabisa.

"Mama, hicho ni nini?"

Kopo likazama ndani ya khanga. "Si kitu, baba."

"Nimekiona."

"Kama umekiona, unauliza nini?"

"Ni unga?"

"Shh!" Alitazama nepi safi iliyotandazwa mezani. "Usilitaje neno hilo mbele yake."

"Nepi haisikii, mama. Haina masikio."

"Ina mawili, na kila siku unayabandika wewe mwenyewe."

Nimrodi alinyoosha mkono. Ilimchukua mama mkwe muda kulitoa lile kopo, na alipolitoa, alilitoa kwa hasira.

"Unamsugua mtoto kama sufuria ya ugali," alisema. "Mwangalie alivyochubuka. Nikusemeje? Wewe ni mkwe wangu, na ni mtu wa serikali. Poda za dukani mlizipiga marufuku. Huu ni wanga wa mahindi. Nimeloweka, nimesaga, nimechuja kwa kitambaa, nimeanika, nikaukaanga kidogo hadi ukanukia. Mahindi ya shamba langu, hayana ukungu. Hali hata punje. Anapakwa tu. Editha nilimpaka. Wajukuu wote nimewapaka."

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

Bibi Gaudensia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Niseme unga na mtoto katika sentensi moja, ndani ya nyumba ya Mamlaka? Nani anasema hivyo siku hizi? Kule kwetu kila mama anaficha kopo lake afisa akipita. Hata Vero nilimwambia, hili ficha chini ya mtungi. Akaficha vizuri, maskini. Na mtoto wakamchukua vile vile."

"Vero yupi?"

"Veronika wa kwa Mgaya. Jirani yangu."

Nimrodi alilijua jina hilo. Lilikuwa kwenye orodha ya Mei, kaya mia moja na kumi na mbili za nyanda za juu, zote alama tatu, zote sukari ya nafaka. Alizipitisha yeye kwa saini moja, kabla ya chai ya saa nne. Fomu ya kila kaya ilikuwa na kisanduku cha mwisho, MZAZI ANAKANA, na zote mia moja na kumi na mbili zilikuwa zimetiwa alama hapo. Katika hesabu yake ya maamuzi aliipa safu hiyo uzito wa sifuri. Sababu ilikuwa ya kitakwimu. Kitu ambacho kila mtu anakisema hakitofautishi mtu na mtu.

4

Alimfuta mtoto unga, akamfunga. Jaribio halikuhitaji zaidi ya dakika kumi. Alichukua iodini kutoka kisanduku cha huduma ya kwanza na nepi aliyoivua muda ule. Tone la kwanza alilidondosha juu ya choo, pale kilipogusana na ngozi. Likageuka kutoka kahawia kuwa bluu, kisha jeusi: wanga. Kisha akachota kwa kijiko kutoka katikati, ambako hakuna kilichogusa ngozi, akadondosha tone la pili. Lilibaki kahawia. Akasubiri dakika tano. Likabaki kahawia.

Wanga ulikuwa umetoka nje, haukutoka tumboni.

Mengine yalijipanga yenyewe. Maziwa ya mama yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kiasi chake hupita hadi kwenye choo cha mtoto. Wanga uliokaangwa huvunjika upesi zaidi. Kwenye joto la nepi, baada ya saa moja au zaidi, kama haijavuliwa mapema, sukari ya nafaka huzaliwa pale pale juu ya makalio, na nepi huiona, na inasema kweli. Maabara ilikijaribu kipimo kwa watoto mia nne wa wodini. Wodini hakuna bibi mwenye kopo.

Alimpigia simu mkuu wake, Mhandisi Chaula, akamweleza kwa mpangilio. Chaula alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Hongera kwa mtoto, kwanza," alisema. "Pili, hayo umeyapatia wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Basi unajua nitakachosema."

Alijua. Kanuni ya kumi na nne: matokeo yaliyopatikana nje ya nepi iliyo kazini hayatapokelewa. Aliiandika mwenyewe Ijumaa moja, baada ya baba mmoja wa Makete kuleta maabara choo cha mbuzi na kuapa kuwa ni cha mwanawe.

"Kaya mia moja na kumi na mbili, Chaula."

"Na ngapi kati ya hizo walikuwa wanapika uji kweli?"

"Sijui."

"Hujui. Ukitangaza leo kwamba nepi hukosea, kesho kila anayepika uji atasema ni poda. Tutarudi kuzika." Sauti yake ililainika. "Nimrodi, umebakiza siku tatu. Tupa hilo kopo, mtoto atimize arobaini, upate hati yako, urudi kazini. Mapitio ya kipimo ni Februari. Utaliwasilisha hapo kwa utaratibu."

Februari ilikuwa miezi saba mbele. Kila mtoto aliyechukuliwa Mei angekuwa amekwisha kurudi, amesahau titi. Na wa Juni, na wa Julai, na wa Agosti.

Njia nyingine ilikuwepo, na aliifahamu kwa kuwa aliijenga. Alama ya tatu inapotoka, afisa hachukui mtoto kabla ya kuchukua sampuli kwa mkono wake na kuipeleka maabara kuu. Mzazi huruhusiwa kuandika swali moja, na maabara hulazimika kulijibu. Kama jibu linakinzana na kipimo, kesi zote zenye alama ya aina hiyo hufunguliwa upya. Inachukua siku tisa. Kwa siku hizo tisa mtoto hukaa Nyumba ya Uangalizi.

Haki hiyo ilikuwa imetumika. Katika kaya zile mia moja na kumi na mbili, mia moja na tisa ziliandika swali lile lile, kwa maneno tofauti kidogo: mtoto atarudi lini?

5

Alimweleza Editha asubuhi ya siku ya thelathini na nane. Alimwonyesha vile vitone viwili, cheusi na cha kahawia. Editha, mwalimu wa hesabu, alielewa kabla hajamaliza. Kisha akaelewa na sehemu ambayo hakuwa ameifikia, akamvuta Gaude kifuani.

"Unataka kumpaka makusudi," alisema.

"Ndiyo."

"Apate ya tatu."

"Ndiyo. Siku tisa. Maziwa yako yatakamuliwa na ndege nyuki itayachukua mara nne kwa siku, joto lake linadhibitiwa, na wauguzi ni mmoja kwa..."

"Usinipe ratiba, Nimrodi."

Hakumwita Baba Gaude.

"Vero alilia siku ngapi?" aliuliza Editha.

"Faili halisemi."

"Niulize mimi, basi. Mama alikuwa anakwenda kumkamua. Maziwa yaligoma siku ya sita." Alimgeuza mtoto upande wa pili wa kifua. "Ungeacha tu ule unga, tungemaliza Jumatano. Hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua."

"Mimi pia sasa. Hilo ndilo sitakusamehe." Alisema bila kupandisha sauti. "Na wakikosea hata huko maabara? Kama nao wana kanuni ya kumi na nne yao?"

Nimrodi alilipima swali hilo kwa haki. "Kuna uwezekano," alisema. "Siujui ukubwa wake."

Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu waoane kukiri kutojua namba. Nje, mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye miparachichi, na jua lilikuwa limeanza kuyeyusha umande.

"Mwache anyonye ashibe," alisema Editha. "Ashibe kabisa. Halafu mimi nitageukia ukutani."

6

Alimlaza mezani. Maji yalikuwa vuguvugu, vitambaa vimekunjwa, nepi imetandazwa. Hakuwasha saa.

Alifuta kama alivyoona bibi akifanya, kwa kugusa na kuinua. Mtoto alikunja uso akijiandaa kulia, kisha akaahirisha. Hatua ya saba ilipofika, hakwenda kumwaga maji. Alikausha mikono palepale kwa khanga iliyokuwa begani mwa mama mkwe wake, baada ya kuiomba.

"Mama, naomba kopo."

Bibi Gaudensia alilitoa. Aliligonga mezani.

"Chaguo lako ni baya," alisema. "Ningekuwa na nguvu ningekunyang'anya."

"Najua, mama."

Alichovya kijitambaa, akapaka. Unga ukatua kwa mabonge.

"Si hivyo. Unapaka ukuta? Gusa. Hapa kwenye mkunjo. Na huku. Ndiyo." Akarudisha kifuniko. "Sasa mfunge kabla hajapata baridi."

Mguu wa kushoto ulipita kwenye tundu la kushoto na wa kulia kwenye la kulia. Masikio mawili yakakaa sawa, vidole viwili vikipita kati ya nepi na tumbo, si zaidi, si pungufu. Ukanda ukawaka. Dakika mbili, sekunde tatu. Vizuri sana. Ukanda ukawa wa kijani.

Ilibidi sasa wasubiri mtoto ajisaidie.

Walisubiri watu wazima watatu, wasomi wawili na bibi mmoja, wote wakimtegemea mtu mwenye kilo nne aliyekuwa akitazama dari. Saa moja ikapita. Bibi akatoa rozari, akairudisha. Saa ya pili ilipokaribia, Gaude akakunja ngumi, uso ukawa mwekundu, akajisaidia kwa sauti iliyosikika hadi chumba cha pili. Siku nyingine wangecheka. Editha hakugeuka kutoka ukutani.

Dakika sabini na mbili baadaye ukanda ukageuka.

SUKARI YA NAFAKA. ALAMA YA TATU. AFISA YUKO NJIANI.

Fomu ilifunguka kwenye simu ya Nimrodi. Aliujua mpangilio wake kwa moyo. Jina la mtoto. Umri kwa siku. Kwenye nafasi ya swali moja aliandika polepole, akisahihisha nukta: *Mkitia iodini juu ya choo na katikati ya choo, rangi inafanana?* Alilisoma mara mbili. Lilikuwa swali zuri. Ile hamu ya kuandika lile jingine, lililoandikwa na wale mia moja na tisa, alikuwa hajaitarajia, wala hakujua angeiweka wapi.

Gari lilisikika likikata kona ya barabara ya juu. Editha alinyanyuka, akaja, akamchukua mtoto mikononi mwake bila kumtazama mumewe, akafungua kifua.

Kilibaki kisanduku cha mwisho. MZAZI ANAKANA. Alijua uzito wake, kwa kuwa aliuweka yeye. Akatia alama.